Je, wajua kwa nini dari la mgodi wa chini ya ardhi haliporomoki?

Mita moja ya ujazo ya mwamba mgumu ina uzito wa takriban tani 2.7. Ukishuka mita 1,000 chini ya ardhi, kila mita ya mraba ya mwamba kwenye kina hicho inabeba kiasi cha tani 2,700 za miamba iliyo juu yake. Hayo ni malori 90 yenye shehena ya tani 30 kila moja, yakiwa yamebebana juu ya eneo la meza ndogo ya chakula. Na bado watu wanaingia zamu, wanachoronga (wanatoboa mwamba kwa mashine), wanalipua, wanapakia mbale, yaani mawe yenye madini, na kutoka salama. Mzigo huo unashikiliwa na nini?

Wengi watakujibu: nguzo, zege na vyuma. Tufanye hesabu kidogo. Bolti nzuri ya mgodini, yaani chuma kirefu kinachochomekwa ndani ya dari, hubeba kama tani 20. Ukitaka bolti zibebe tani 2,700, utahitaji zaidi ya 130 katika kila mita ya mraba, na hapo hakuna mwamba utakaobaki wa kuzishika. Kwa kawaida huwekwa moja tu kila baada ya mita moja au moja na nusu. Kwa hiyo chuma hakibebi mlima. Mwamba unajibeba wenyewe, na kazi nzima ya wahandisi wa miamba ni kuusaidia uendelee kujibeba.

Kabla njia haijachimbwa, mzigo umetulia, umeenea kila mahali. Ukitoboa shimo, mwamba uliokuwa ukibeba sehemu ya mzigo umeondoka, lakini mzigo haujaondoka. Unahama na kuzunguka shimo, na kujibana kwenye kuta na kwenye pembe za dari. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani, Gustav Kirsch, alionyesha kwa hesabu kwamba shimo la duara linapobanwa kutoka upande mmoja, mkazo, yaani nguvu inayobana kila eneo la mwamba, kwenye ukingo wake unaweza kufika mara tatu ya ule uliokuwapo mwanzo. Kwa mita 1,000 tunazungumzia tani zinazokaribia 8,000 kwa mita ya mraba pale ukutani. Mwamba kama granaiti, ukiwa mzima, hustahimili tani 15,000 na zaidi kabla ya kusagika. Ndiyo maana unabaki umesimama.

Ila uwezo huo ni wa kubanwa. Mwamba ukivutwa ni dhaifu mno, mara nyingi hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ile haufikishi. Dari lililochongwa bapa hupinda katikati, upande wa chini unavutika, unapasuka. Dari la tao halipati shida hiyo kwa sababu mzigo unapita juu yake na kushukia kuta, mawe yakiwa yanabanana muda wote. Ukiona picha ya njia ya mgodi yenye dari la mviringo, ujue umbo hilo limechaguliwa kwa sababu hiyo.

Tatizo ni kwamba mwamba mzima haupatikani kirahisi. Ardhi ina umri mrefu, imekunjwa, imepasuka, na nyufa zake zinakatana kwa pembe mbalimbali. Nyufa tatu zikikutana vibaya juu ya kichwa chako zinatengeneza kabari: jiwe lenye uzito wa tani kadhaa ambalo halijashikwa na chochote isipokuwa msuguano wa nyuso zake. Watu wengi wanaouawa na mawe migodini hawauawi na mlima kuporomoka. Wanauawa na jiwe moja.

Kwa hiyo mjiolojia wa mgodi hutumia muda mwingi akihesabu nyufa. Anachukua mche wa mwamba, yaani kipande kirefu chembamba kilichotolewa na mashine ya kuchoronga, anaulaza sandukuni na kupima vipande. Kipimo kinachotumika sana kilianzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na Don Deere, na ni chepesi kuelewa: jumlisha urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 au zaidi, kisha uulize ni asilimia ngapi ya urefu wote uliochorongwa. Ukipata 90, mwamba ni mzuri. Ukipata 25, jiandae kwa gharama. Mwaka 1974 watafiti wa Norway, Barton, Lien na Lunde, waliongeza mengine: nyufa zina ukwaru au zinateleza, zina udongo ndani, zinavuja maji, mkazo ukoje. Walikusanya mifano ya mahandaki zaidi ya 200 na kupata namba moja inayomwambia mhandisi njia iwe pana kiasi gani na iwekewe bolti ngapi. Namba hiyo inatumika duniani kote hadi leo.

Sasa turudi kwenye bolti. Kama haibebi mlima, inafanya nini? Jibu bora ninalolijua lilitolewa kwa ndoo. Kwenye mradi mkubwa wa umeme wa maji wa Snowy Mountains, Australia, mhandisi Tom Lang alichukua ndoo, akaijaza kokoto, akaweka bolti ndogo ndani ya kokoto zile na kuzikaza kwa vibati na nati. Kisha akaigeuza ndoo juu chini. Kokoto hazikumwagika. Hapakuwa na saruji wala gundi. Bolti zilizibana kokoto, zikabanana zenyewe kwa zenyewe, na rundo la vipande likawa kitu kimoja. Kutokana na majaribio ya aina hiyo akatoa kanuni ambayo mafundi bado wanaitumia: urefu wa bolti uwe angalau mara mbili ya nafasi iliyopo kati ya bolti na bolti. Ukizitawanya kupita hapo, kila moja inabaki peke yake na mawe ya katikati yanamwagika.

Zipo za aina nyingi. Kuna nondo inayogundishwa kwa gundi ya mifuko miwili inayochanganyika wakati nondo inazungushwa ndani ya tundu. Kuna bomba la chuma lenye mpasuo kwa urefu wake wote, nene kidogo kuliko tundu lenyewe, linalosukumwa kwa nguvu mpaka libanwe na mwamba na kuendelea kuusukuma pande zote. Kuna nyaya nene zilizosokotwa, zinazoingia mita nyingi ndani pale chumba kinapokuwa kikubwa. Mawe madogo yanayopita katikati ya bolti hukingwa na wavu wa chuma, na juu yake mara nyingi hunyunyiziwa zege la sentimita 5 hadi 10.

Hilo zege la kunyunyizia lina historia inayotugusa. Mashine ya kwanza ya kurusha saruji kwa upepo ilibuniwa mwaka 1907 na Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akiandaa wanyama wa maonyesho katika jumba la makumbusho la Chicago, ili kukarabati kuta za jengo hilo. Mtu huyuhuyu alijeruhiwa vibaya na tembo kwenye Mlima Kenya mwaka 1910, akafariki mwaka 1926 katika milima ya Virunga, na kaburi lake liko kwenye mteremko wa Mikeno, Kongo. Hakuwa mtu wa migodi, lakini kifaa chake kimewakinga wachimbaji wasiohesabika.

Pamoja na mashine zote hizo, chombo cha zamani kuliko vyote hakijaondoka: mtaimbo. Baada ya mlipuko na baada ya moshi kutoka, mtu anasimama mahali palipokwisha kukaguliwa, njia ya kukimbilia ikiwa wazi nyuma yake, na anagonga dari la mbele. Mwamba ulioshika hulia kwa sauti kali na kuutikisa mtaimbo mkononi. Jiwe lililoachia hutoa mlio mzito wenye uwazi ndani yake, na hapo anaingiza ncha kwenye ufa na kuliangusha kabla halijaamua lenyewe. Kwenye migodi mikubwa kazi hii sasa hufanywa zaidi na mashine, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu anayegonga ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Hadi hapa tumezungumzia njia za kupita. Mahali dhahabu au shaba yenyewe inapotolewa ni habari nyingine, kwa kuwa huko chumba kinaweza kuwa kirefu kwenda juu kama ghorofa kadhaa. Njia moja ni kuacha nguzo za mwamba. Hesabu yake inatisha kidogo: ukichukua robo tatu ya mwamba, robo iliyobaki inabeba mzigo mara nne. Nguzo nyembamba na ndefu huvunjika mapema kuliko fupi na nene, na moja ikivunjika mzigo wake unahamia kwa jirani, ambaye naye alikuwa tayari amelemewa.

Njia nyingine ni kujaza. Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu wa Kahama ulioanza uzalishaji mwaka 2001, hufanya hivyo. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa yanayobaki baada ya kuchenjua (kutenga dhahabu), hukamuliwa maji, huchanganywa na saruji kidogo, na rojo hilo hurudishwa chini kwenye vyumba vilivyokwisha kuchimbwa. Likikauka ni dhaifu sana ukililinganisha na mwamba. Haliwezi kuubeba mlima hata kwa bahati. Lakini linaziegemea kuta, na ukuta ulioegemewa hauna pa kuangukia. Mawe yanabaki mahali pake, yanaendelea kubanana, na wachimbaji wanaweza kuchukua mbale iliyo jirani.

Kutojaza pia kuna njia yake: kuacha ardhi iporomoke kwa makusudi. Ni njia rahisi kwa gharama, ila kinachoporomoka chini hatimaye hufika juu. Mufulira, Zambia, usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, ardhi iliyokuwa ikizama juu ya mgodi wa shaba ilifunguka chini ya bwawa la tope la marudio. Tope likashuka mgodini. Wachimbaji 89 wa zamu ya usiku walikufa. Kila ninapousoma mkasa huu nauona kama fundisho lililolipiwa ghali mno: huwezi kukagua dari la chini bila kujua kilichowekwa juu.

Kina kikizidi, hatari nyingine inajitokeza. Mwamba mgumu uliobanwa sana huhifadhi nguvu, na wakati mwingine huiachia mara moja, ukarusha mawe kutoka ukutani. Tarehe 25 Aprili 2006, katika mgodi wa dhahabu wa Beaconsfield, Tasmania, mtikisiko mdogo uliangusha mwamba kwenye kina cha mita 925. Mtu mmoja alikufa, na wawili waliokuwa ndani ya kizimba cha mashine walitolewa hai baada ya wiki mbili. Migodi ya namna hii hutega vipokea mitetemo kila upande. Baada ya kulipua, miamba hupiga kelele nyingi, kisha zinapungua kwa mpangilio uleule ambao Mjapani Fusakichi Omori aliuona kwenye matetemeko ya ardhi mwaka 1894. Watu hawarudishwi ndani mpaka kelele zishuke.

Kwa wachimbaji wadogo wa kwetu hali ni tofauti. Mita za kwanza za duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hupita kwenye udongo na mwamba uliooza, ambao hauwezi kujibeba, na hapo matimba ni lazima: magogo yaliyopangwa kuzunguka shimo kutoka mdomoni hadi kwenye mwamba mgumu. Matimba yana sifa ambayo chuma hakina. Mti hulia kabla ya kuvunjika. Wachimbaji wa zamani huusikiliza, pamoja na dalili nyingine: vumbi au changarawe inayodondoka bila mtu kugusa kitu, ufa ambao jana haukuwapo, maji yanayotokea mahali palipokuwa pakavu. Dalili moja inatosha kutoka.

Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Taifa lilishangilia, na haki yake. Lakini wengi waliofukiwa katika maduara ya nchi hii hawakutoka, na sababu mara nyingi huwa zilezile: nguzo iliyoachwa na wa kwanza ikachimbwa na wa pili kwa sababu ina dhahabu, matimba yakaishia njiani, mashimo mawili yakakaribiana bila wenyewe kujua.

Na mvua. Maji yakiingia kwenye ufa yanausukuma uachie, yanalainisha udongo uliokuwa ukishika, yanaozesha magogo. Duara lililoachwa wakati wa masika halirudiwi kama lilivyoachwa. Linakaguliwa upya kuanzia mdomoni, timba moja baada ya jingine, mtaimbo mkononi, kabla ya mtu yeyote kuteremka kufanya kazi.