Michezo ya bebi shawa: jina kwenye kikombe halitoshi

Nshachoka jamani. Mtu anakuja kutaka nimpangie bebi shawa ya mdogo wake au wifi yake, kabla hata hajanambia huyo mama kijacho ni mtu wa namna gani ananifungulia simu na mapicha: vikombe vimeandikwa jina, chupa za maji zina stika ya jina, na karatasi ya maswali ina korongo kabeba mtoto mdomoni, Kiingereza juu mpaka chini. Halafu ananambia, "Nataka michezo iwe yake yeye hasa, ila hela sina." Hela utakuwa nayo vipi bibie na yote ushampelekea mtu wa stika?

Hii ndo dhana inayonitoa roho kuliko zote, kwamba mchezo unakuwa wa mtu kwa kuandikwa jina lake. Mimi nina kipimo changu: futa jina la huyu uweke la mwengine, kama mchezo unaendelea vilevile basi haukuwa wake hata kidogo. Kinachoufanya uwe wake ni maswali ambayo majibu yake yamo vichwani mwa watu wake tu, na majibu hayo hayauzwi Darajani wala Mlandege, yanapatikana kwa kupiga simu, gharama yake ni vocha na muda wako wa jioni moja.

Mie namwambia mteja hivi, wiki moja kabla nitafutie watu wanne: mamake au aliyemlea, dada yake, shoga yake wa skuli, na mumewe. Mama muulize alipokuwa mdogo alikuwa akililia nini, alichelewa kutembea au alichelewa kusema, nyumbani wakimwita nani, alizaliwa usiku au mchana na nani alimpokea mwanzo. Dada muulize mimba hii inatamani nini na inachukia nini (ukiambiwa embe bichi na pilipili andika, ukiambiwa udongo andika lakini mama kijacho mwenyewe aambiwe akaseme kliniki). Shoga wa skuli mwache aongee tu wewe uandike, huyo ndo ana vituko vyote. Mume usimpigie wakati yuko na mkewe, mtumie maswali sita kwa WhatsApp akujibu kwa sauti, sauti si maandishi, maana akiandika anajibu "ndio" na "sijui" yakaishia hapo.

Ukishapata hayo una michezo miwili mkononi na hujatoa senti. Wa kwanza ni wa kujua ukweli na uongo, unaandika mambo kumi ya mama kijacho, saba kweli matatu umeyatunga, watu wachague. Wa pili ni sauti ya mume: unauliza swali, mama kijacho anajibu, wageni wanakisia kama mume kajibu sawa, halafu ndo unapiga ile sauti kwenye spika. Kuna shughuli moja Fuoni swali lilikuwa "mimba hii imemkataa nani", mama kijacho kajibu kwa adabu zote "haijamkataa mtu", wageni nao wakamuunga mkono, nikabonyeza simu, mume anasikika anacheka kwanza halafu anasema, "Mimi. Nalala sebuleni kwa sababu ya mafuta ya nywele." Pale bibi mzaa mama akavua miwani kufuta machozi ya kucheka, mawifi wanapigana makofi ya migongo, na mama kijacho kajifunika uso na mtandio hatoki. Niambie kikombe gani chenye jina kitakupa hicho.

Na karatasi usimprintie kila mtu ya kwake ya rangi. Watu wamekaa kwenye mikeka, kila mkeka ni timu, timu moja karatasi moja na kalamu moja. Hata ukitaka kila mgeni awe na chake, karatasi moja ya A4 ukiikata vipande vinne, wageni ishirini ni karatasi tano. Tano! Andika kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka.

Sharti langu moja hapa na silibadilishi: kabla ya siku, orodha ya maswali aipitie dada yake au mtu anayemjua vizuri. Usiulize mambo ya mimba zilizotoka, usiulize wachumba wa zamani, usiulize kilo, na usilete swali lolote la kushindanisha upande wa mume na upande wa mke, maana utaondoka wewe na spika yako wao wabaki na ugomvi. Mteja mwengine ananambia ah, watu wetu ni watani. Watani ndio, mpaka mawifi wasikie jina lao.

Nikishamaliza hilo ananiletea jengine, kwamba bebi shawa bila kupima tumbo si bebi shawa. Ile ya kukata utepe au karatasi ya chooni ukisia tumbo lina ukubwa gani. Mimi sipangi. Mwanamke miguu imevimba, mgongo unamuuma, umsimamishe katikati ya watu wazungushe utepe waanze "mh, kubwa hili, pacha nini?". Na ule wa kutia chokoleti iliyoyeyuka kwenye pampasi watu wanuse au waonje wabahatishe, huo ulete kwa wenzako wa ofisini, mbele ya mashangazi wa Unguja utaona nyuso zinavyokunjwa, tena pampasi nzima nzima zinatupwa na mama alikuwa anazihitaji.

"Wazee hawachezi." Wanakaa pembeni kwa sababu michezo yenyewe imeletwa ya Kiingereza. Watolee vitendawili uone. Mzazi ana miguu bali mzaliwa hana? Nyumba yangu haina mlango? La kwanza kuku na yai, la pili yai, watu wanavijua tangu skuli lakini bibi wa Pemba akisema "kitendawili" chumba kizima kinaitika "tega" bila kufundishwa, na akiwashinda anadai mji, mtu anampa Wete, anaikataa, anapewa Chake, anaringa mpaka aridhike. Mchezo mwengine wa wao ni wa kanga. Kila aliyevaa kanga yenye jina (yale maneno yaliyoandikwa) asome nusu, wengine wamalizie: "Uchungu wa mwana..." wanakumalizia "...aujuaye mzazi". Baadae kila mkeka utunge jina lake wenyewe la kanga ya huyu mama kijacho, maneno yasizidi sita, yaandikwe kwenye karatasi na mama achague anayoyapenda. Anaondoka nayo nyumbani, na siku mtu akijaaliwa anaweza kumnunulia doti kweli. Huu ndo mchezo naupenda mimi kuliko yote, nawalazimishia wateja, nakiri nawalazimishia.

Ule wa vibanio vya nguo, kila mtu anabandikwa vitatu na akisema neno lililokatazwa ananyang'anywa kimoja, ni mzuri na rahisi ila msikataze "bebi" kama walivyoandika kwenye zile karatasi za Kiingereza, nani anasema bebi hapa. Katazeni "jamani", au neno analolisema sana mama kijacho mwenyewe. Mkikataza "jamani" kwenye chumba cha wanawake wa kizanzibari hata juisi ya ukwaju haijafika mlangoni vibanio vyote vimeshakusanywa na mtu mmoja. Na wa kukisia bei usiulize bei za vitu vya dukani Marekani, weka beseni, sabuni ya kipande, chandarua, mafuta ya nazi, pampasi, umevinunua wiki hiyohiyo na bei umeandika, vitu vyenyewe vinabaki kuwa zawadi kwa mama. Hapo utajua nani anakwenda sokoni na nani anatuma mtu.

Zawadi za washindi, kuna watu wanaamini lazima ziwe kitu kikubwa, seti ya vyombo sijui. Mshindi mpe vileja kwenye mfuko, au kikuba cha asumini na mrehani abandike hapohapo wenzake wamuonee choyo, au udi kidogo. Ila kitu kimoja nakataa kabisa, ile ya kila mtu atoe elfu moja, atakayebahatisha siku ya kujifungua achukue zote. Hiyo ni kamari, na ukiifanya bibi mmoja atasimama akwambie mbele ya watu. Kukisia tarehe bure ni sawa, tena kunafurahisha kwa sababu ile tarehe ya kliniki inahesabiwa wiki arobaini tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wanaojifungua siku ileile khasa ni wachache, kwa hiyo hata anayeijua tarehe ya kliniki hana uhakika wa kumshinda mwenzake.

"Michezo mingi ndo raha." Hesabu na wewe. Kadi imeandikwa saa kumi, watu wanasali Alasiri ndo wanaanza kuvaa, wanafika kumi na moja kasoro, wanasalimiana, wanakula sambusa na katlesi, na Maghrib kila mtu anataka awe kwao. Una saa moja na kidogo. Mitatu inatosha, wa nne uufiche kama akiba.

La mwisho hili la "lazima ifanywe kabla ya kujifungua". Nani kasema? Kuna mabibi hawapendi kabisa mtoto kununuliwa vitu na hajafika, na mimi sibishani nao, fanyeni baada ya arobaini. Michezo ileile, ukweli na uongo, sauti ya mume, majina ya kanga, ila kisia tarehe unaiondoa na badala yake mnakisia alizaliwa na gramu ngapi, maana kadi ya kliniki ipo na jibu limeandikwa. Spika mpunguze, mtoto asipokezanwe mikeka yote kama sahani ya visheti, na maputo msitundike pale anapolala wala wanapocheza watoto wadogo, puto likipasuka kile kipande kinamezwa na kinakaba koo.