Barafu haiharibu kahawa

Wengi huamini kuwa barafu huifanya kahawa kuwa chapwa, kwa hiyo wakitaka kahawa baridi huitengeneza ya moto na kuiweka friji hadi ipoe. Kahawa huwa chapwa pale tu maji ya barafu yasipohesabiwa. Ile inayopoa polepole ndiyo hupoteza harufu yake nzuri.

Kwa glasi moja kubwa, pima gramu 20 za kahawa, gramu 180 za maji ya moto na gramu 120 za barafu. Suuza karatasi ya kuchujia, mwaga maji hayo, kisha weka barafu ndani ya jagi chini ya chujio. Tia kahawa iliyosagwa kwenye karatasi, mimina gramu 40 za maji ya moto, subiri sekunde 40 unga wa kahawa uumuke, halafu malizia maji yaliyobaki kidogo kidogo kwa mzunguko. Ichujike yote kwa dakika 3 hivi.

Kwa kuwa maji ya moto hapa ni machache, kahawa isagwe laini kidogo kuliko kawaida. Ukisahau hili hutoka nyepesi yenye uchachu mkali, na lawama huangukia barafu bure. Ikiwa chungu na kukausha ulimi, umesaga laini mno.

Barafu ya kwenye jagi itayeyuka karibu yote, na ndivyo inavyotakiwa. Koroga, mimina juu ya barafu mpya: kahawa imeshapoa, kwa hiyo hii itayeyuka taratibu.