Mambo ya jedwali la elementi ambayo wengi tumekaririshwa vibaya

Kinachoniuma kwenye kemia ni kuona mwanafunzi ameshika elementi 20 za kwanza kichwani zote, afu ukimuuliza kwa nini sodiamu na potasiamu ziko safu wima moja, yaani kundi moja, hana jibu. Jibu ni elektroni za ganda la nje. Zote mbili zina elektroni moja tu pale nje na ni rahisi kuiachia, ndo undugu wenyewe huo.

Dhana potofu inayosumbua zaidi ni kudhani elementi ikishaungana na nyingine inabaki na tabia yake ya zamani. Utasikia mtu anaogopa chumvi eti ina klorini, ile gesi ya sumu iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Klorini ni hiyo hiyo kweli, na sodiamu nayo ni metali laini inakatika kwa kisu na ukiitupa kwenye maji inaweza kuwaka na hata kulipuka, lakini sodiamu ikishaipa klorini ile elektroni yake moja kila mmoja ametulia, sasa hizo ni ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, sio gesi tena wala sio metali, ndo unakuta zimekaa mezani unatia kwenye mboga. Hata madini joto kwenye chumvi sio iodini ile nyeusi inayotoa mvuke wa zambarau, kinachotiwa kwa kawaida huku kwetu ni iodeti ya potasiamu.

Halafu kuna hili la "haidrojeni iko kundi la kwanza kwa hiyo ni metali". Hapana jamani. Imewekwa pale sababu ina elektroni moja, ila ni gesi, na hata ikiungana na klorini haiachii elektroni yake jumla, wanachangia tu.

Wengine wanasema ukishuka chini ya kundi ukali unaongezeka. Kwa kundi la kwanza sawa, elektroni ya nje inazidi kuwa mbali na kiini so inatoka kirahisi. Halojeni, yaani kundi la kina klorini, ni kinyume kabisa! Zenyewe zinavuta elektroni, na atomu ndogo inavuta kwa nguvu zaidi, ndo maana florini iliyo juu ni kali kuliko klorini, klorini kuliko bromini, bromini kuliko iodini.

Na zile gesi adimu, kama heliamu na zenoni, eti "haziungani na chochote"? Mwaka 1962 huko Kanada mwanakemia Neil Bartlett aliona kampaundi moja ya platinamu na florini imeweza kunyang'anya oksijeni elektroni, akapiga hesabu akakuta zenoni inashikilia elektroni yake kwa nguvu karibu sawa na oksijeni, akajaribu, ikakubali, akapata kitu kigumu cha rangi ya njano na chungwa. Vitabu vikabidi virekebishwe. Heliamu ndo mbishi wa kweli, ganda lake linajaa kwa elektroni 2 tu, kwa hiyo hata ile heliamu ya bonde la Rukwa, Tanzania, iliyotokana na urani na thoriamu kuoza ndani ya miamba ya kale, imekaa chini ya ardhi muda wote huo bila kuungana na kitu.