Kwa Nini Sekondari Msingi Moja Mtaani Hufurika Huku Jirani Yake Ikikosa Wanafunzi?

Katika mitaa yenye watu wengi kama Kaptembwa na Rhonda jijini Nakuru, Kenya, mtoto anayemaliza Gredi ya 6 kwa kawaida huendelea na Gredi ya 7 katika shule ile ile. Hivyo ndivyo ilivyopangwa sekondari msingi (JSS), yaani Gredi ya 7 hadi 9, ilipoanza mwaka wa 2023, baada ya jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kupendekeza kwamba iwe ndani ya shule za msingi. Hata hivyo, mzazi ana uhuru wa kumhamisha mwanawe, na hapo ndipo pengo kati ya shule mbili jirani huanza kupanuka.

Chanzo kikubwa ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Serikali ilipanga kutoa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka, kwa hiyo shule yenye wanafunzi 300 hustahili shilingi 4,512,600, ilhali yenye wanafunzi 45 hustahili 676,890 pekee. Zote mbili, lakini, zinatakiwa kufundisha masomo yale yale tisa, yakiwemo Sayansi Jumuishi na Kilimo, na bei ya vifaa vya majaribio haishuki eti kwa sababu darasa ni dogo.

Upungufu wa walimu huumiza zaidi. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea masomo mawili chuoni. Shule ikiwa na walimu watatu tu, aliyesomea Historia na Dini hujikuta akifundisha sayansi ambayo hakuandaliwa kuifundisha. Kumlaumu mwalimu huyo matokeo yanapokuwa duni ni kumwonea.

Nayo matokeo yana uzito mkubwa. Mtihani wa KJSEA, ambao ni wa kumaliza Gredi ya 9 na uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, huchangia asilimia 60 ya alama zinazotumiwa kumpangia mwanafunzi shule ya Gredi ya 10. Tathmini ya Gredi ya 6 huchangia 20, na zile za shuleni katika Gredi ya 7 na 8 huchangia 20 zilizobaki. Mzazi anayeliona hilo humhamisha mtoto mapema, naye huondoka na mgao wake wa miaka inayofuata, huku shule anayokimbilia ikizidi kusongamana.

Kwa hivyo, anayelinganisha shule mbili za mtaa wake afadhali aanze kwa kuuliza kuna walimu wangapi wa Gredi ya 7 hadi 9, na kila mmoja alisomea masomo gani.