Je, wajua? Aliyepoteza kumbukumbu kwa kawaida bado anajua jina lake

Tamthilia zimetuzoesha hivi: shujaa anagongwa kichwani, anazinduka hospitalini na kuuliza, "Mimi ni nani?" Mkewe analia pembeni, hamjui. Vipindi ishirini baadaye anagongwa tena na kila kitu kinarudi, pamoja na sura ya aliyemsukuma.

Kuhusu pigo la pili tusipoteze muda: halirudishi kitu, na ubongo uliokwisha jeruhiwa ukijeruhiwa tena huzidi kuharibika. Kosa kubwa ni lile la kwanza. Ajali ya kichwa mara nyingi hufuta dakika au saa zilizoizunguka, pengine na siku kadhaa za nyuma, kisha humfanya mtu ashindwe kushika mambo mapya. Jina hubaki. Hata aliyechanganyikiwa kwa homa au kifafa kwa kawaida hukosea tarehe na mahali alipo kabla ya kukosea yeye ni nani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Mmarekani Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, Henry akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua huko Hartford, Connecticut, na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili, vinofu vilivyojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande. Degedege zilipungua. Lakini hadi alipofariki mwaka 2008, Henry hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi na kila mara ilibidi ajitambulishe upya. Alimfundisha kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo. Mkono wa Henry uliboreka siku hadi siku, naye akiapa kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo alijua yeye ni Henry, aliwajua wazazi wake, na alipenda kujaza chemshabongo.

Ili kuona kwa nini, fikiria masijala ya ofisi ya serikali. Karani hupokea barua, huzitia kwenye jalada, hulipa jalada namba. Siku akiondoka bila mrithi, barua za leo zinarundikana mezani hadi zinapeperuka, na za mwezi jana, ambazo hakuwa amemaliza kuzipanga, hazionekani. Lakini muulize yeyote humo ndani jina la ofisi. Hatakwenda masijala kulitafuta. Liko kwenye kibao cha mlangoni, kwenye mihuri, kwenye kila bahasha, na hata mfagizi analijua kwa ghibu. Hipokampasi ndiyo karani huyo. Jina lako umeliitikia tangu utotoni mara zisizohesabika. Limetapakaa sehemu nyingine za ubongo na halimhitaji karani tena. Mfano una mwisho wake, maana wataalamu bado wanabishana kama kumbukumbu za kale za matukio nazo hujitegemea kabisa.

Mkanada Kent Cochrane alikwenda mbali zaidi. Baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1981 hakuweza kukumbuka tukio hata moja la maisha yake, ingawa ukweli mwingi kuyahusu aliujua. Ajali pia ilimbadilisha tabia. Mwanasaikolojia Endel Tulving alipomwomba ajieleze, Cochrane aliueleza mwenendo wake mpya, na maelezo yake yalilingana vizuri na ya mama yake. Alikuwa amejifunza kuwa yeye ni mtu wa namna gani bila kukumbuka hata siku moja aliyokuwa hivyo. Ni mgonjwa mmoja, kwa hiyo tusijenge ghorofa juu yake, lakini ni jambo la kushangaza. Ugonjwa wa Alzheimer ni habari nyingine: huo haumwondoi karani tu, hula jengo zima pole pole, na mwishoni hata jina laweza kwenda.

Basi wale wanaosahau jina ghafla, huku akili nyingine zote zikiwa timamu? Wapo, lakini ni wachache sana, na mara nyingi kinachotangulia ni msiba, deni au aibu, si rungu. Hapo jalada liko rafuni; karani ndiye amegoma kulitoa. Kwa nini hasa anagoma, ushahidi ni mwembamba, na ni vigumu kumtenganisha mgonjwa na anayejifanya.

Mfano ni mhubiri Ansel Bourne wa Rhode Island, Marekani, aliyechukua fedha benki mjini Providence tarehe 17 Januari 1887, akatoweka. Huko Norristown, Pennsylvania, bwana aliyejiita A. J. Brown alikodi duka dogo, akauza peremende, matunda na karatasi, na majirani hawakuona kasoro. Tarehe 14 Machi aliamka kwa hofu akiuliza yuko wapi. Alikuwa Bourne, na habari za duka hakuzijua. Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alimtia katika usingizi wa kupumbazwa, na Brown akajitokeza tena. Alipoonyeshwa mke wa Bourne, alisema hajawahi kumwona mwanamke huyo. Kuhusu Bourne, Brown alisema amewahi kumsikia, ila hakuwa na hakika kama waliwahi kukutana. James alijaribu kuwaunganisha wawili hao, akashindwa.