Je, wajua? Golden retriever mwenye manyoya marefu kuliko wote anaweza kushindwa kwa sababu ya manyoya hayo hayo

Kwenye maonyesho ya mbwa, mbwa kumi wa aina ya golden retriever wamepangwa mstari mmoja. Wa tatu amechanwa mpaka anameta, manyoya ya kifua yanakaribia kugusa magoti. Jaji anampapasa, anamkimbiza kidogo, anampita, kisha anamnyooshea kidole wa saba, ambaye watazamaji hata hawakuwa wamemwona. Video za namna hii hufika hadi kwenye simu za watu wa Arusha na Moshi, na maoni chini yake huwa hayatofautiani sana: jaji kala rushwa, au jaji haoni.

Jaji anaona vizuri tu, ila anatafuta kitu kingine. Anamtafuta mbwa aliyejengwa kuogelea kwenye maji baridi, kumwokota ndege aliyepigwa risasi na kumrudisha kwa mwindaji bila kumtafuna, siku nzima bila kuchoka. Mvuto wa macho una nafasi yake, lakini ni ndogo kuliko wengi tunavyodhani.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba haya ni mashindano ya urembo: mbwa kumi wanawekwa pamoja, wanalinganishwa, na aliyewapiku wenzake anaondoka na utepe wa ushindi. Ukianza na dhana hiyo, karibu kila uamuzi utakushangaza. Ukweli ni kwamba kila mbwa anapimwa na maandishi. Kila aina ina kigezo chake, waraka wa kurasa chache unaomweleza mbwa kamili wa aina hiyo kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Mbwa huyo kamili hajawahi kuzaliwa. Jaji anambeba kichwani, na utepe anampa yule aliyemkaribia zaidi.

Mtu wa Moshi ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili. Kahawa ikishakobolewa hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo tofauti. Punje zinazobaki juu ya tundu la takriban milimita 7 ndizo AA, daraja la punje kubwa, na zinazopita huteremka kwenye madaraja ya chini. Hakuna punje inayoshindana na jirani yake. Mvua ikikosekana, gunia zima linaweza kutoa AA kiduchu, na hakuna mtu atakayeipandisha daraja punje ndogo eti kwa kuwa imewazidi wenzake wa gunia hilo. Kwenye ulingo wa mbwa ni vivyo hivyo, hadi kufikia hatua ambayo wengi hawaijui: jaji wa American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosimamia maonyesho haya, anaruhusiwa kuuzuia utepe kabisa akiona hakuna mbwa anayeustahili, hata kama kumi wote wamesimama mbele yake wakitikisa mikia.

Kigezo cha mbwa nacho kina vipimo vya namba, kama matundu ya chekeche. Kigezo cha Marekani kinataka dume awe na kimo cha inchi 23 hadi 24 begani, sawa na sentimita 58 hadi 61, na jike inchi 21½ hadi 22½. Akizidi au kupungua kwa zaidi ya inchi moja anatolewa, awe mzuri namna gani. Meno ya juu yanapaswa kuyafunika ya chini kwa kugusana, kama mkasi. Taya likitokeza mbele au kurudi nyuma, safari imeishia hapo. Urefu wa mwili kwa kimo ni 12 kwa 11. Baada ya hapo namba zinakwisha na maneno yanaanza, na hapo chekeche halisaidii tena. Maneno yanasomwa na binadamu, kwa hiyo mbwa wale wale wakienda mbele ya jaji mwingine wiki inayofuata, mshindi anaweza kubadilika bila mtu yeyote kuhongwa.

Historia kwa ufupi. Aina hii ilitokea Guisachan, kwenye nyanda za juu za Uskoti, nyumbani kwa Dudley Coutts Marjoribanks, ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth. Mwaka 1868 dume wake wa rangi ya njano, Nous, alizaa na Belle, jike wa aina ya Tweed Water Spaniel ambayo leo haipo tena. Kwa miaka mingi watu walisimuliana kwamba bwana huyo alinunua kundi la mbwa wa sarakasi kutoka Urusi, mpaka yaliyomo kwenye daftari lake la uzalishaji yalipochapishwa mwaka 1952 na kuizima hadithi hiyo. Inasikitisha kidogo, maana ilikuwa hadithi tamu.

Turudi kwenye manyoya. Golden ana tabaka mbili: la juu lililonyooka au lenye mawimbi, na la chini, fupi na lililoshonana, ambalo kazi yake ni kuzuia maji baridi yasiifikie ngozi. Ndiyo maana jaji huingiza vidole kinyume na ulalo wa manyoya. Analitafuta tabaka la chini, kwa sababu shampuu na mashine ya kukaushia vinaweza kulipendezesha la juu lakini haviwezi kulitengeneza la chini lisilokuwepo. Kigezo cha Marekani kinasema wazi kwamba manyoya marefu kupita kiasi, yaliyoachana au laini yasiyo na nguvu hayafai kabisa. Kwenye maji ni mzigo, na vichakani hunasa kila mwiba. Kupunguza manyoya ya miguuni na kunadhifisha yaliyochomoza kunaruhusiwa, lakini kuyakata ili kubadilisha umbo la mbwa hakuruhusiwi. Kuhusu masharubu, waraka unasema kuyaondoa kunaruhusiwa ila hakupendelewi. Aliyeiandika sentensi hiyo angefaa kuwa balozi.

Kwa wenye golden Moshi, ambako joto la Januari si la mchezo, tabaka hilo la chini linatoa somo pembeni. Wapo wanaomnyoa mbwa wakidhani wanampunguzia adha. Madaktari wa mifugo kwa kawaida hushauri kumchana ili manyoya yaliyokufa yatoke, kwa kuwa koti hilo huikinga pia ngozi na jua, na likinyolewa lote huweza kurudi likiwa na mabaka. Si kila mbwa hupatwa na hilo, lakini huwezi kujua mapema kama wako atakuwa mmoja wao.

Rangi nayo huchanganya watu. Kigezo cha Uingereza kinakubali dhahabu ya kiwango chochote pamoja na krimu, iliyoongezwa mwaka 1936, na kinakataa wekundu. Cha Marekani kinataka dhahabu iliyokolea na yenye kung'aa, na kinaona kasoro kwenye rangi iliyopauka sana au yenye giza mno. Mbwa mmoja, basi, anaweza kusifiwa Birmingham na kupunguziwa alama New York. Muuzaji akikuuzia bei ya juu kwa madai kwamba weupe ni aina adimu ya pekee, anakuuzia tofauti ya karatasi mbili.

Kisha lipo lile linalowachekesha wengi: jaji kumpapasa dume nyuma, katikati ya miguu. Anahakikisha kende mbili zimeshuka. Maonyesho haya yalianzishwa ili kuchagua wazazi wa kizazi kijacho, na dume asiyeweza kuzaa hana anachochaguliwa. Kwa sababu hiyo hiyo American Kennel Club kwa kawaida haimpokei mbwa aliyehasiwa katika mashindano ya umbo.

Sehemu inayoamua mambo mara nyingi ni ile inayoonekana kama mapumziko: mbwa anapokimbizwa kwenda na kurudi. Kwa upande, jaji anaangalia bega. Mfupa wa bega ukiwa mrefu na umelala nyuma, na mfupa wa juu wa mguu ukilingana nao urefu, mguu wa mbele unafika mbali kabla ya kugusa ardhi. Bega likisimama wima, mbwa anakata hatua fupi fupi na kulazimika kuziongeza, na kila hatua ya ziada ni nguvu iliyopotea.

Kwa mbele na nyuma, anaangalia nyayo. Watu wengi wangetarajia miguu minne ishuke wima kama ya meza, lakini kigezo kinataka kinyume: kasi ikiongezeka, nyayo zisogeleane kuelekea mstari wa katikati. Sababu ni hesabu ya uzito. Mbwa anapotroti, yaani anapokimbia mbio za wastani, kwa kawaida miguu miwili tu ya pande tofauti ndiyo iliyo chini. Nyayo zikiwa mbali na mstari wa katikati, mwili unayumba kushoto na kulia katika kila hatua, na misuli inafanya kazi ya kuurudisha badala ya kuusukuma mbele. Zikisogea chini ya uzito, yumbo hilo linapungua. Kigezo kinapendekeza pia mbwa aonyeshwe kwa kamba iliyolegea, kwa sababu kamba ikivutwa juu huinua sehemu ya mbele na kuficha mwendo mbovu.

Mwendo mzuri, hata hivyo, hauthibitishi afya. Nyonga mbovu huonekana kwa eksirei, na mbwa mwenye tatizo hilo anaweza kuupita ulingo bila dosari. Saratani nayo haipapasiki mapema. Utafiti mkubwa wa Morris Animal Foundation ulioanza 2012 unawafuatilia golden zaidi ya 3,000 wa Marekani maisha yao yote kwa sababu hiyo hasa. Na ulingoni hakuna bata wala maji. Jaji anakisia uwezo wa kazi kwa kutazama umbo, ndiyo maana leo wafugaji wengi wa mbwa wa maonyesho na wale wa mbwa wa kuwinda wamegawanyika, na mbwa wao hawafanani sana.

Kupimwa na karatasi ndiko kunakowezesha pia golden kushindana na mbwa wa aina nyingine kabisa katika fainali: kila mmoja hupimwa kwa kigezo chake. Kwenye maonyesho maarufu ya Westminster huko Marekani ya mwaka 2020, golden aliyeitwa Daniel alishinda kundi lake, la mbwa wa uwindaji, na kushangiliwa na ukumbi mzima, lakini taji la mbwa bora wa maonyesho yote likaenda kwa Siba, mbwa mweusi wa aina ya poodle. Tangu taji hilo kuu lianze kutolewa mwaka 1907 hadi 2025, mbwa wa aina ya wire fox terrier walikuwa wamelitwaa mara 15 na golden hata mara moja hawajalitwaa. Wapo wanaosema mbwa anayetakiwa abaki wa asili hawezi kung'ara chini ya taa karibu na mbwa aliyechongwa kwa mkasi. Inawezekana, ila ni vigumu kulipima hilo. Labrador, mbwa wa aina nyingine mwenye kazi ile ile, naye alikuwa hajawahi kulishinda.