Kabla Hamjasema Pesa Zimeliwa

Palestina haitajwi hapa Mombasa, iwe barazani baada ya isha au kwenye kikundi cha WhatsApp, bila mtu kunigeukia mimi. Wanajua nimefanya kazi kwenye miradi ya polisi inayolipiwa na wafadhili, na swali huwa lile lile: "Wazungu wamemwaga mamilioni kwa polisi wa Ramallah miaka yote hii, na wezi bado wanatamba. Si zimeliwa tu?" Juzi limetoka kwa wakili, mtu mzima aliyesoma sheria. Nimechoka. Nayaandika haya ili nikiulizwa tena nitume kiungo, niendelee na kahawa yangu.

Sisemi ulaji haupo. Mimi ni Mkenya, siwezi kumwapia mhasibu yeyote. Ninachokataa ni ile hesabu kwamba ukijumlisha magari, sare na mafunzo lazima upate usalama, na usipoupata basi kuna mtu ametia mfukoni. Penye jeshi la kigeni, na huko Palestina ni la Israeli, hesabu hiyo imeruka kitu kimoja, nacho ni ruhusa.

Harakaharaka, tutenganishe mifuko, maana watu huichanganya. Umoja wa Ulaya una ujumbe wake Ramallah, EUPOL COPPS, tangu 2006. Huo unashauri polisi wa kiraia: wa trafiki, wa wizi, wa kitabu cha matukio kituoni, pamoja na waendesha mashtaka na mahakama. Marekani ilianzisha ofisi yake ya uratibu wa usalama 2005, na chini ya Jenerali Keith Dayton pesa nyingi zilikwenda kwa Vikosi vya Usalama wa Taifa vya Palestina, vilivyopelekwa kunolewa Jordan. Hao ni kama jamaa wa GSU wetu, kikosi cha kutuliza ghasia, si wa kituo cha mtaa. Halafu kwenye mkutano wa wafadhili Berlin, Juni 2008, ziliahidiwa takriban dola milioni 242 kwa polisi, mahakama na magereza. Ahadi ya mkutanoni na pesa iliyofika si kitu kimoja, na hilo nalo halihitaji mwizi.

Sasa ramani. Mkataba wa pili wa Oslo kati ya Israeli na Wapalestina, wa Septemba 1995, uliugawa Ukingo wa Magharibi, ambako Ramallah iko, mara tatu. Eneo A, miji mikubwa, polisi wa Kipalestina wana mamlaka ya usalama. Eneo B wanashughulikia utulivu wa raia, lakini kauli ya mwisho kuhusu usalama ni ya Israeli. Eneo C, asilimia 60 hivi ya ardhi yote, liko mikononi mwa Israeli. Na msidhani ni vipande vitatu vilivyokaa kando kando. A na B ni visiwa, C ndiyo bahari inayovizunguka.

Kwa hiyo mchukulieni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, wa Makupa hapa Mombasa, kana kwamba yuko huko. Amepigiwa simu, kuna watu wanavunja duka Kisauni. Ana gari, ana mafuta, ana vijana watano waliofunzwa vizuri. Lakini kabla ya kuvuka Daraja la Nyali akiwa na sare na bunduki, lazima apeleke ombi kwenye ofisi ya uratibu, ofisi hiyo iwapigie wenzao wa jeshi la kigeni, na jeshi likubali. Likikubali saa hiyo, heri. Likikubali kesho asubuhi, OCS atakwenda kuandika taarifa ya wizi. Mfadhili amwongezee gari la pili? La kufanya nini?

Hili si jambo la siri. Limo ndani ya mkataba: katika Eneo B viliorodheshwa vituo na vituo vidogo vya polisi 25, na nje ya hapo askari haendi mpaka kuwe na uratibu na kibali. Silaha nazo zilihesabiwa: kwa Ukingo wote bunduki zisizidi 4,000, bastola 4,000, na magari mepesi ya kutuliza ghasia 15. Tena raia wa Israeli hakamatwi na askari wa Kipalestina hata akiwa ndani ya Eneo A. Anaweza kuzuiliwa pale pale mpaka watu wake waje kumchukua, basi.

Mfano unaonikera kuliko yote ni mtaa wa Kafr Aqab. Uko kwenye mipaka ya manispaa ya Jerusalem, lakini nyuma ya ukuta wa Israeli, ng'ambo ya kizuizi cha jeshi cha Qalandia, umegusana kabisa na Ramallah. Wakazi wanalipa kodi Jerusalem. Polisi wa Israeli huonekana kwa nadra, wa Kipalestina hawaruhusiwi kufanya kazi humo. Mwuza dawa za kulevya akifukuzwa Ramallah anavuka barabara, yaishe. Chuo gani cha polisi kitatibu hilo?

Na usiku jeshi la Israeli linapoingia mjini, hata Eneo A, askari wa Kipalestina hujiondoa barabarani, wakakaa vituoni mpaka limalize. Mwananchi anachungulia dirishani, anaona hivyo. Asubuhi askari yule yule aje kumwambia, "Mzee, tuletee taarifa za wahalifu, tushirikiane." Vitabu vyetu vya polisi jamii havina sura ya hali hiyo, nami nimevisoma vingi kuliko inavyofaa.

Hapa ndipo pananipa shida mimi mwenyewe. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 43, zinambebesha mvamizi wajibu wa kulinda utulivu wa watu anaowatawala. Mfadhili akilipia polisi, je, anamsaidia mwananchi, au anampunguzia mvamizi gharama? Mei 2008 vikosi vilivyonolewa Jordan vilipelekwa Jenin, magenge yakapungua, watu wakafungua maduka. Wengine wakasema kazi hiyo ni kulinda jeshi la Israeli lisisumbuliwe. Naona wote wana haki, na sijui nizipime vipi. Mama aliyeporwa hangoji uhuru ndipo apige ripoti. Lakini siwezi kumwambia mtu kwamba pesa hizi hazina upande.

Msiniletee Namibia pia, eti kule polisi wa kigeni walisaidia chini ya utawala wa kigeni. Kweli, 1989 Umoja wa Mataifa ulipeleka waangalizi wa polisi, wakaanza 500 wakafika 1,500, na askari jeshi wetu wa Kenya walikuwako. Waangalizi hao hawakuwa na nguvu ya kukamata. Waliifuata polisi ya Afrika ya Kusini Magharibi, jina la Namibia enzi za utawala wa Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imewameza Koevoet, kikosi cha kupambana na wapigania uhuru, chenye magari ya kivita ya Casspir. Lakini walikuwa na ratiba: uchaguzi Novemba, uhuru Machi 1990. Mpango wa Oslo ulikuwa wa mpito pia, wa miaka mitano, uishe Mei 1999, lakini ramani yake bado ipo.

Kwa hiyo wakili wangu, ukitaka kukagua mradi kama huu, waache wakuonyeshe picha za mahafali kwanza, wanazipenda. Kisha omba daftari la maombi ya uratibu: ombi limetoka saa ngapi, jibu limekuja saa ngapi, mangapi yalikataliwa. Wakikuambia hilo halimo kwenye viashiria vya mradi, waulize aliyeandika viashiria amewahi kupita Qalandia.